Rejesho la Giza: Shajara ya Maduka 11 ya Dawa Muhimu, Mbinga na Nyasa

8 Januari 2024, Mbinga

Tumeanza mradi wa kuboresha maduka yetu kwa kuhesabu dawa. Mimi nilitaka tuanze na mafunzo, kwa sababu ndiyo kazi ninayoijua: ni fundi dawa sanifu, na nimesimama nyuma ya kaunta miaka mingi kabla ya kuombwa kuratibu kikundi hiki. Mwenyekiti wetu akakataa. "Ukiwafundisha leo, kesho wanarudi kwenye rafu zile zile." Basi tukachukua daftari na kalamu, tukaingia dukani.

Kikundi kina maduka 11 ya dawa muhimu. Manane yako milimani kuzunguka Mbinga, matatu yako chini ufukweni, upande wa Nyasa. Nitayaita kwa namba tu. Tulikubaliana hivyo tangu kikao cha kwanza, maana mengine yatakayoandikwa humu ni ya kuona haya, yangu yakiwemo.

Duka la 4 ukiliangalia ukiwa upande wa mteja, limejaa hadi juu. Tukashusha kila kitu mezani. Dawa za maji za kikohozi aina sita, zote kazi yake moja, chupa 41, na 17 kati ya hizo zimekwisha muda. Krimu za fangasi boksi mbili hazijafunguliwa. Vitamini za kila rangi. Ila dawa mseto ya malaria ya mtoto wa chini ya kilo 15 hakuna hata pakiti moja, zinki ya mtoto anayeharisha hakuna, ORS, chumvi ya kurudisha maji mwilini, zimebaki pakiti tatu. Mwenye duka, mama mtu mzima aliyestaafu uuguzi, alivuta kiti akakaa, akaitazama ile meza kwa muda. "Kumbe hela ninazo," akasema. "Zimelala."

Neno hilo la kulala limebaki nasi. Tangu siku ile, kila tukifika dukani tunaanza na swali moja: hapa kilicholala ni kipi?

11 Januari

Niandike kidogo historia, kwa vijana wa kikundi ambao walikuwa shule ya msingi mambo haya yalipoanza.

Zamani vijijini tulikuwa na maduka ya dawa baridi. Kisheria yaliruhusiwa kuuza panadol na wenzake tu, dawa zisizohitaji cheti cha daktari. Kwa vitendo yaliuza kila kitu, kwa sababu mgonjwa yuko mlangoni na hospitali iko mbali. Mwaka 2003 iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA, ikishirikiana na shirika la Management Sciences for Health kwa fedha za Bill & Melinda Gates Foundation, ikaanza kujaribu kitu kipya hapa hapa Ruvuma. Badala ya kumkimbiza muuzaji, wakampa masharti: jengo linalofaa, mtoa dawa aliyefundishwa, orodha ya dawa za cheti anazoruhusiwa kuuza, ununuzi kwa wauzaji wanaotambulika, na mkaguzi wa karibu. Ndiyo likazaliwa duka la dawa muhimu. Dawa zisizosajiliwa zilizokutwa madukani Ruvuma zilishuka kutoka asilimia 26 hadi 2. Baadaye mpango ukasambaa mikoa yote ya Bara. Leo vibali na usimamizi viko kwa Baraza la Famasi, na TFDA yenyewe tangu 2019 imekuwa TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, chakula kikahamia Shirika la Viwango.

Wazee wa kazi hii hawachoki kukumbusha kwamba Ruvuma ndiko kulikoanzia. Sawa, tujivune. Lakini kila sharti katika orodha ile lina bei. Dari lina bei. Rafu za kioo zina bei. Mtoa dawa mwenye cheti anataka mshahara, kibali hulipiwa kila mwaka. Na mtu wa kuyabeba yote hayo ni mama mmoja mwenye chumba kimoja cha biashara na mtaji wa kuungaunga.

19 Januari, ufukweni

Nimeteremka ziwani na themomita tatu za ukutani. Lami ya kutoka Mbinga kwenda Mbamba Bay imefanya safari hii kuwa ya masaa, si ya siku kama ilivyokuwa, ingawa masikio bado yanaziba kwenye kona za mteremko.

Boksi nyingi za dawa tunazouza zimeandikwa zihifadhiwe chini ya nyuzi joto 30. Kule milimani nilipima maduka matano, hakuna lililofika 27. Hapa chini, Duka la 10, saa tisa alasiri, themomita ilisoma 35. Bati tupu juu, hakuna dari, dirisha limezibwa na kabati. Mwenye duka ni msafi kuliko wote katika kikundi. Sakafu yake unaweza kulia ugali. Leja yake imenyooka. Ila dawa zake zinapikwa kila mchana, na mkaguzi aliyepita kabla yangu alimwandikia "usafi: mzuri sana" akaondoka.

Dari la mbao laini, feni, na kuhamisha kabati: fundi ametaja laki sita na nusu. Huo ndio mkopo wa kwanza wa mradi, nimeamua.

2 Februari

Fedha zimetoka. Mfuko wetu una sehemu mbili: hisa za wanachama wenyewe, zilizokusanywa kwa mwaka na nusu, na fedha za kuanzia kutoka kwa mfadhili ambaye sitamtaja. Maduka saba yamekopeshwa. Matatu kwa ajili ya majengo, manne kwa ajili ya kununua dawa zile zinazookoa maisha ambazo tulikuta hazipo: dawa mseto ya watoto, ORS na zinki, amoksilini ya watoto ya kuyeyusha kwenye maji.

Masharti yametoka kwenye fomu ya mfadhili. Miezi kumi, rejesho sawa kila mwezi, tarehe 28. Niliisoma, nikaona imekaa vizuri, nikasaini. Naandika hivi ili ijulikane saini ni yangu.

14 Februari

Siku nzima kaunta ya Duka la 2, kimya kwenye kiti cha pembeni, nahesabu wateja na wanachoomba.

Karibu nusu hawakutaja ugonjwa wala dawa. Walitaja hela. "Nipe za mia tano." Mmoja, mzee, alitaka rangi mbili, zile kapsuli za antibiotiki, nne tu. Mtoa dawa, binti mwenye koti jeupe safi na kitambulisho kifuani, alimweleza vizuri kabisa kwamba nne si dozi, zitamrudishia ugonjwa ukiwa na nguvu zaidi. Mzee akamsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nimekuelewa mwanangu. Sasa nipe hizo nne." Akapewa.

Nilimuuliza binti baadaye mbona amempa, wakati maelezo yake yalikuwa sahihi. Akafungua droo akanionyesha daftari la kopa. Kurasa kumi na mbili. Aliyekopeshwa dozi kamili Desemba bado hajalipa, na bosi amekataza kuandika jina jipya. Kwa hiyo mbele yake kuna njia tatu: amkopeshe akatwe mshahara, amfukuze aende genge la jirani linalouza vidonge vya kumimina kwenye kifuko, au ampe nne. Mafunzo yetu yote yamekaa juu ya kitu kingine, kwamba mtoa dawa hajui. Huyu anajua.

Na ni Februari. Hili nilipaswa kuliona toka mwanzo. Mvua za Ruvuma huanza Novemba au Desemba hadi Aprili na zaidi. Homa zinapanda pamoja na mvua. Na ni miezi hiyo hiyo ambayo mkulima hana kitu, mahindi yako shambani mabichi na kahawa ni punje za kijani. Watu wanaugua wakati hawana hela, na hela zikija wengi wao wazima. Duka la dawa limekaa katikati ya hayo mawili na ndilo linaloziba pengo, kwa mtaji wake.

1 Machi

Jana ilikuwa siku ya kufunga hesabu ya rejesho la kwanza. Saba walitakiwa. Watano wamelipa. Wasiolipa ni Duka la 9 na la 10, wote wa ziwani.

Nilimpigia simu mama wa Duka la 10, yule wa dari. Nilimsalimu shikamoo, akaniitikia marahaba, halafu nikaanza hotuba yangu ya nidhamu ya mkopo. Akaniacha nimalize.

"Mwanangu, tarehe 28 mwezi gani ulikuwa juu?"

Sikuelewa.

"Toka nje usiku uangalie. Mwezi mkubwa. Nani anavua usipa kwenye mwezi mkubwa?"

Nimeishi mkoa huu maisha yangu yote, ila mimi ni mtu wa milimani, wa mashimo ya ngoro na kahawa. Nilijua usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa, huvuliwa usiku kwa taa. Sikuwahi kufikiria maana yake kwa mwenye duka la dawa. Taa huvuta usipa kukiwa giza. Mbalamwezi ikitanda, taa haina kazi, mitumbwi inakaa nchi kavu. Kwa hiyo pale ufukweni hela zina mwezi wake, na mwezi huo si wa kalenda ya ukutani. Wiki za giza watu wananunua dozi kamili na kulipa madeni ya kopa. Wiki za mbalamwezi wanakuja na mia tano, au na samaki mkavu. Mwezi ulikuwa mpevu tarehe 24 Februari. Sisi tumemfuata mtu siku nne baadaye, wakati mfukoni mwake na mwa wateja wake hakuna kitu, tukamwandika kwa wino mwekundu.

9 Machi

Mbaya zaidi. Duka la 9 amelipa. Nilifurahi hadi nilipofika na kuuliza amelipaje. Alikwenda kwa wale wa kausha damu. Kwa wasioijua mikopo hii: unapewa laki mbili leo bila maswali, unaanza kurejesha kesho asubuhi, kila siku, na riba ukiikokotoa kwa mwaka unaweza kudhani umekosea mahali. Benki Kuu ina kikomo cha riba kwa taasisi ndogo za fedha, asilimia 3.5 kwa mwezi, ila hao wanaopita na pikipiki na vitabu vidogo hawakusoma mwongozo wa Benki Kuu.

Amechukua kausha damu ili atulipe sisi. Mradi wa kuboresha duka umempeleka mwenye duka kwa wanyonyaji. Na ili kumlipa yule wa pikipiki kila asubuhi, amesimamisha kununua dawa. Rafu ya dawa mseto ya watoto, ile tuliyoijaza Februari kwa mkopo wetu, ipo tupu.

Sikulala vizuri. Leo nimemwandikia mfadhili kuomba kubadili ratiba ya marejesho.

15 Machi

Afisa wa mfadhili amejibu: ratiba ikibadilishwa kwa wawili, wote watataka. Nimemjibu kwamba ndiyo, wote watataka, na wote wana sababu.

6 Aprili, kikao cha wanachama, Mbinga

Wamekuja kumi, mmoja amefiwa. Kilikuwa kikao kirefu na cha kelele, na ninaandika yale yaliyobaki kichwani baada ya watu kuondoka.

Nilianza kwa kueleza wengine wanafanyaje. Kenya kuna Medical Credit Fund, mfuko ulioanzishwa na PharmAccess mwaka 2009 kwa ajili ya kliniki na famasi ndogo ambazo benki haziwataki. Moja ya mikopo yao hulipwa kwa kukata kipande cha malipo ya wateja yanayopita M-Pesa: siku ya wateja wengi unakatwa zaidi, siku kavu unakatwa kidogo. Hakuna tarehe 28. Ghana kuna mPharma, kampuni ya tangu 2013, wao huweka dawa kwenye rafu ya famasi na famasi hulipa kile tu kilichouzwa.

"Hiyo si mali kauli?" akasema mwenye Duka la 6, na watu wakacheka.

Ni mali kauli, kweli. Mali kauli yenye kompyuta. Tofauti ni kwamba yule anayeweka dawa anaona kila siku kilichouzwa, kwa hiyo anajua nini kimelala na anakiondoa kabla hakijaisha muda. Mali kauli yetu ya kawaida na wauzaji wa jumla ni kinyume: anakusukumia kinachomlalia yeye. Zile krimu za fangasi za Duka la 4 ziliingia hivyo.

Kisha tukachora kalenda ukutani, karatasi nne zimeunganishwa kwa gundi. Mstari wa kwanza, homa, kwa kukumbuka kwa watoa dawa wenyewe: inapanda Januari, kilele Machi na Aprili, inashuka Juni. Mstari wa pili, hela za milimani: mahindi kuanzia Juni, kahawa kuanzia uvunaji wa katikati ya mwaka lakini malipo yenyewe hadi mnada ufanyike na AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, igawe. Mstari wa tatu, hela za ziwani, huo ulikuwa kama meno ya msumeno, juu chini juu chini kwa kufuata mwezi, halafu ukalala kabisa Juni na Julai ambapo pepo za kusini hufanya ziwa lisivulike siku nyingi.

Ukiitazama ile karatasi huhitaji mhasibu. Mkopo wa dawa utoke Novemba, kabla ya homa. Milimani walipe kidogo sana hadi Juni, halafu kikubwa kuanzia Julai hadi Oktoba. Ziwani walipe wiki ya giza, kila giza, na wapumzike pepo zikivuma. Tukapiga kura. Kumi kwa kumi.

Mwenyekiti alileta neno moja kabla ya kufunga: kopa. Kila duka lifunge daftari la zamani, lianze jipya lenye majina yasiyozidi ishirini, na dawa ya kukopesha iwe dozi kamili peke yake. Nusu dozi hakuna kukopesha wala kuuza. Hapo hapakuwa na kumi kwa kumi. Watatu walisema watapoteza wateja. Nadhani ni kweli watapoteza, angalau mwanzoni.

22 Aprili

Mfadhili amekubali, "kwa majaribio". Nilimtumia picha ya ile karatasi ya ukutani, na yeye akaituma juu kwa wakubwa zake. Nimeambiwa ilichapishwa rangi.

11 Mei

Ununuzi wa pamoja wa kwanza. Orodha za maduka 11 zimeunganishwa kuwa moja, tukaenda Songea wawili, mimi na mwenye Duka la 1. Kununua kwa pamoja kumetushushia bei kwenye vitu vingi, siyo vyote. Dawa mseto bei yake ilikuwa karibu ile ile. Baadaye nikawasimulia vijana wa kikundi enzi za AMFm, mpango wa kimataifa wa ruzuku ya dawa mseto, 2010 hadi 2012, boksi zenye nembo ya jani la kijani na bei elekezi ya shilingi 1,000 kwa dozi ya mtu mzima. Ruzuku ile ilipoisha, jani lilibaki kwenye kumbukumbu za wateja. Bado wapo wanaouliza "ile ya jani".

Kituo cha mabasi alitufuata winga. Kijana mchangamfu, ana boksi za amoksilini kwa bei ambayo ingetuachia faida nene. Nikageuza boksi kutafuta namba ya usajili wa hapa nchini. Hakuna. Lebo imeandikwa kwa lugha mbili, Kiswahili na Kiingereza havimo. Mwenzangu aliishika muda mrefu kidogo kuliko nilivyopenda. Ana watoto wawili sekondari, na niliona anapiga hesabu. Akarudisha.

Njiani akaniambia, bila kunitazama, "Mwaka juzi ningechukua." Mwaka juzi alikuwa na deni, duka limekauka, na winga kama huyu ndiye pekee aliyekuwa tayari kumkopesha. Sikumjibu. Nimetoa taarifa kwa mfamasia wa wilaya kuhusu zile boksi, na nikaeleza tulikokutana na muuzaji.

Juni

Mwezi mfupi kwenye shajara. Vibali vya mwaka, foleni, nakala za vyeti, picha za paspoti. Maduka 10 yamekamilisha. Ziwa limechafuka. Hakuna rejesho kutoka ufukweni na hakuna aliyepigiwa simu.

7 Julai

Tuko kwenye wiki ya giza. Jana na leo upepo umetulia, mitumbwi imeingia. Mama wa Duka la 10 ametuma rejesho la giza hili na nusu ya lile la Mei alilokuwa amebakiza, kwa simu, saa moja asubuhi, na baada ya dakika tano akapiga kuuliza kama imefika. Imefika.

Themomita ya dukani kwake, ameniambia bila kuulizwa, mchana haipiti 29 siku hizi. Ni kipupwe pia, nikamwambia, tusubiri Oktoba tuone dari likifanya kazi kweli. Hakupenda hilo.

Duka la 9 amemaliza wale wa pikipiki. Kikundi kilimkopesha fedha za kuwalipa wote kwa mkupuo mmoja, na hilo lilileta maneno, kwamba tunazawadia kosa. Kosa lilikuwa la ratiba, na ratiba nilisaini mimi. Nilisema hivyo mbele yao.

3 Agosti

Binti wa koti jeupe wa Duka la 2 ameondoka. Famasi kubwa ya mjini Songea imempa karibu mara mbili ya mshahara. Ndiye mtoa dawa bora tuliyekuwa naye: alikuwa ameanza kuandika kwenye kila pakiti ya dawa mseto ya mtu mzima, kwa kalamu, "vidonge 4 asubuhi, 4 jioni, siku 3, kula kwanza kitu chenye mafuta", na akimrudishia mgonjwa mtihani, "hebu niambie utamezaje?"

Sasa duka lina mpwa wa mwenye duka, kijana mpole, hajafundishwa. Kisheria hatakiwi kuuza. Mafunzo ya mtoa dawa huchukua muda na ada yake si ndogo, na mwenye duka anauliza swali ambalo sina jibu lake: nimlipie huyu naye asome, ili naye aondoke? Kwa sasa tumepanga mtoa dawa wa Duka la 3, lililo mtaa wa pili, awe anasimamia yote mawili kwa zamu ya asubuhi na jioni, na la 2 lifungwe mchana. Ni kiraka. Mteja wa saa saba mchana atakuta mlango umefungwa na atakwenda gengeni.

Dari ukilijenga linakaa. Rafu inakaa. Mkopo wetu haujui namna ya kumkopesha mtu mshahara wa mfanyakazi, na huenda hilo ndilo lingekuwa la kwanza.

21 Agosti

Mnada wa kahawa umefanyika, AMCOS mbili zimeanza kulipa. Maduka ya milimani yameanza kurejesha, na madaftari ya kopa yanapungua majina. Duka la 6 limepokea kwa siku moja malipo ya kopa kutoka kwa watu saba, "kama wameambiana".

Watatu waliopinga sheria ya dozi kamili: mmoja amesema kweli amepoteza wateja wa mia tano, ila wanaobaki wananunua zaidi. Wa pili amesema amepoteza na hawajarudi. Wa tatu nimegundua hakuifuata kabisa. Kifuko cha vidonge vilivyokatwa nilikikuta nyuma ya boksi la pamba.

14 Septemba, hesabu ya pili

Tumerudia zoezi la Januari. Meza ile ile, daftari jipya.

Duka la 4: dawa za kikohozi aina mbili badala ya sita. Zilizokwisha muda, chupa moja, na aliionyesha mwenyewe kabla hatujaigusa. Kila boksi lina tarehe imeandikwa kwa kalamu nene mbele, inayokwisha mapema imekaa mbele. Dawa mseto ya watoto ipo, zinki ipo.

Maduka manane kati ya 11 sasa yana dawa zote kumi za orodha yetu ya lazima. Januari yalikuwa mawili. Duka la 8 limefunga. Mume alihamishwa kikazi, wameuza rafu kwa Duka la 5. Duka la 2 bado mlango unafungwa mchana. Duka la 11, la ziwani, limelipa kila giza bila kukosa, lakini ukiangalia rafu zake ni nyembamba mno: analipa kwanza, ananunua baadaye. Hilo nalo si zuri. Nimemwambia agawe nusu kwa nusu, akanitazama kama mtu anayemshawishi kutenda dhambi. Mama zetu walilelewa kuogopa deni, na baada ya yale ya Machi, sitamlaumu.

29 Septemba

Mfadhili anauliza kama mtindo huu unaweza kupelekwa wilaya nyingine, na ametaja Tunduru. Nimemjibu kwamba Tunduru ni korosho, na minada ya korosho huanza karibu Oktoba, kwa hiyo ratiba yetu ya Mbinga kule ingekuwa fomu nyingine ya tarehe 28. Waanze na karatasi nne na gundi, wakae na watoa dawa wa huko.

3 Oktoba

Giza limeingia jana. Joto ufukweni limepanda tena na nimeteremka mwenyewe kuangalia lile dari. Duka la 10, saa tisa alasiri, feni inazunguka: 31. Nyuzi moja juu ya mstari.

Mama aliniambia nisubiri. Akaenda nyuma, akarudi na mkeka wa matete ulioshonwa vizuri, akautundika nje ya ukuta wa magharibi unaopigwa na jua la jioni. Alikuwa amemlipa fundi wa mikeka kwa usipa. Tukakaa kwenye benchi, tukanywa chai. Saa kumi na nusu nikaingia kusoma: 29 na kitu.

"Andika," akasema.

Oda ya Novemba inafungwa tarehe 20. Yake ameshaandika, ukurasa mmoja, dawa mseto ya watoto imeanza juu kabisa na imepigiwa mstari mara mbili.